Wafu wa Muhuri Mwekundu

Vijana wa chumba cha rekodi, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, mkaongeza, "kwa ufupi, madam." Mtu aliyeanza kazi hii nyinyi mkiwa bado mgongoni mwa mama zenu hana ufupi, lakini nitajitahidi nisiwachoshe zaidi ya nilivyochoka mwenyewe. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa na mishahara iliisha, hapo hakuna hadithi. Nitawaambia habari za kadi, muhuri na mashine, na jinsi kampuni yetu ya bima ilivyoua watu wa Homa Bay bila mtu kutoka ofisini. Najua mmesikia nusu ya kisa hicho kule kantini, na nusu hiyo si kweli.

Nilianzia tawi la Homa Bay, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Dirisha moja lilitazama ziwa na jingine lilitazama choo cha soko. Karani mkuu, Mzee Nashon Mbuya, alinipa meza iliyo karibu na dirisha la pili. Nilikuwa nimetoka kwetu Ogwedhi, ambako baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Mzee Mbuya aliniuliza kama naijua alfabeti. Nikamwambia nimemaliza sekondari. Akasema hakuniuliza hivyo. Kisha akaniwekea mezani rundo la kadi zilizochanganyika, akaenda kunywa chai.

Mnaotafuta jina la mteja kwa kubonyeza hamjui mateso ya droo. Kwetu mtoto hupewa jina kulingana na saa au hali aliyozaliwa: wa usiku ni Otieno, wa mvua ni Okoth, wa asubuhi jua likishapanda ni Onyango, na binti zao ni hivyo hivyo kwa herufi A. Kwa hiyo droo za O na A zilijaza kabati zima la chuma, na herufi nyingine zote zilibanana kwenye kabati dogo kama wageni waliochelewa arusini. Nilipanga kadi zile hadi macho yakawasha. Mzee aliporudi alichomoa kadi moja katikati ya rundo, akaitazama, akaigeuza, akairudisha. Hakusema kitu. Baadaye nilijifunza kwamba kwake huko ndiko kusifiwa.

Alinifundisha kazi kwa maneno machache. Kadi ishike pembeni, kwa sababu kila mtu wa Homa Bay ana mafuta ya samaki vidoleni baada ya chakula cha mchana. Usiamini jina la ubatizo, watu hulibadilisha wakibadilisha kanisa. Ukiwa na shaka, uliza jina la mama. Yeye alikuwa Msabato wa kweli, tai shingoni hata wakati wa joto kali, na Ijumaa jua likianza kuinama alikuwa ameshafunika taipureta yake na hapokei simu hata ya makao makuu. Alikuwa na dhambi moja tu ninayoijua, nayo ilikuwa kuchukia watu wanaochelewa.

Mteja aliyechelewa kuleta ada ya bima alimuumiza Mzee Mbuya kana kwamba amemtukana mkewe. Alikwenda Kisii, akachongesha muhuri kwa pesa yake mwenyewe, herufi nne kubwa za Kiingereza, LATE, na chini yake tarehe ya kuzungusha. Akaununulia wino mwekundu. Safu ya malipo kwenye kadi zetu ilikuwa nyembamba, muhuri ule haukuenea, basi akawa anaugonga juu kabisa ya kadi, ubavuni mwa jina. Mtu alikuja na pesa yake, ameomba radhi, amesema mtoto alilazwa au shamba lilifurika, na Mzee alimsikiliza kwa adabu yote, akaandika risiti, kisha akagonga. Kishindo chake kilisikika hadi kwa wauza misumari chini. Wateja walimwogopa kuliko wakili.

Ndivyo nilivyofahamiana na Mwalimu Ooko. Alifundisha shule ya msingi bonde la Lambwe, na alikuwa mmoja wa wachache waliokuja kulipa wenyewe kaunta. Walimu wengine walikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, yeye alikataa. Alisema hataki mtu wa Nairobi aushike mshahara wake kabla hajauona mwenyewe. Alikuwa mrefu, mcheshi, na alikuwa na tabia ya kusahihisha matangazo tuliyobandika ukutani. Mara nyingi alikuja mapema, lakini mara moja alichelewa na Mzee akamgonga. Siku hiyo mimi sikuwapo, nilikuwa matangani.

Lazima niseme kidogo juu ya matanga, kwa kuwa bila hayo hamtaelewa yaliyofuata. Miaka ile ya tisini kila Jumamosi ilikuwa ya mazishi. Ofisini tulikuwa na zamu ya kwenda kuzika, kama vile nyinyi mna zamu ya chai. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina. Watu walisema kifua, walisema malaria ya siku nyingi, wengine walisema chira, kwamba marehemu alivunja mwiko fulani. Waliokuja kaunta kudai bima za ndugu zao walikuja tena baada ya muda kwa ajili ya ndugu mwingine, kisha siku moja akaja mtu mwingine kwa ajili yao. Nilizoea, na sijivunii kusema nilizoea. Mtu huchoka kulia kabla hajachoka kuzika.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Migori, na Mzee Mbuya akastaafu akaenda kulima kwake. Muhuri alibaki nao, alisema ni mali yake na risiti anayo. Tawi la Migori lilikuwa la watu wapole. Mteja akichelewa, tuliweka nukta ya penseli pembeni mwa malipo, na akilipa tuliifuta. Hakuna mtu wa Migori aliyewahi kuona muhuri mwekundu.

Ndipo makao makuu wakanunua kile ambacho siku hizi naambiwa kinaitwa kanzidata. Sisi tuliita sistimu, tukamaliza. Kila kadi ya kila tawi ilipaswa kuchapwa ndani ya mashine, na kwa huku kwetu kituo kikawa Migori, kwa sababu chumba chetu cha nyuma kilikuwa na paa lisilovuja. Wakaja mafundi, wakatandika zulia, wakaweka mashine zenye maandishi ya kijani, na wakabandika onyo mlangoni kwamba viatu vibaki nje. Kwa wiki nzima tulifahamu soksi za nani zina matundu. Kadi za Homa Bay zililetwa kwa pikapu, ndani ya magunia ya sukari yaliyofungwa turubai juu, kwa maana barabara ya Rongo ilikuwa na mvua.

Aliyetumwa kusimamia kazi alikuwa kijana wa Murang'a aitwaye Daniel, mpole, mwembamba, aliyekula biskuti kuliko chakula. Ndiye aliyekuwa ameiandika sehemu kubwa ya sistimu. Waliochapa walikuwa vijana waliotoka chuo cha kompyuta pale mjini, na hodari wao alikuwa Millicent, ambaye vidole vyake vilikwenda kama mvua juu ya mabati. Mimi nilipewa kuhakiki kadi za Migori na Uriri. Za Homa Bay zilikuwa kwenye meza za upande wa pili, chini ya Daniel mwenyewe, na karatasi ya maelekezo iliyotoka Nairobi. Karatasi hiyo ilisema kwamba alama yoyote iliyo karibu na jina inaonyesha hali ya mteja, iingizwe kwenye sehemu ya hali. Sehemu ya hali ilikubali herufi mbili tu, moja ya aliye hai na nyingine ya marehemu. Ukiweka ya marehemu, mashine ilidai tarehe ya kifo, na haikukubali uendelee bila hiyo.

Tulichapa miezi. Stima ilipotea, ikarudi, tukaanza upya kurasa zilizomezwa. Tulikula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kwenye mikebe nje ya mlango, pamoja na viatu vyetu. Macho yaliuma, shingo ziliuma, na Daniel alizunguka na chupa ya dawa ya kichwa kama nesi. Siku tuliyomaliza, alinunua soda na mkate wa keki, akapiga simu Nairobi kusema mkoa wetu umeingia wote. Makao makuu walifurahi sana. Walituambia sistimu ni ya ajabu, hata barua inaandika yenyewe. Hatukuuliza barua gani.

Zilikuwa barua za rambirambi. Sistimu ilihesabu marehemu wote ambao bima zao zilikuwa bado wazi, ikaandikia kila familia barua kwamba kampuni imepokea kwa masikitiko habari za kifo cha mpendwa wenu, na kwamba walete kibali cha mazishi ofisini haraka iwezekanavyo, la sivyo faili itafungwa. Zikapigwa stempu, zikatumwa kwenye masanduku ya posta ya shule, makanisa na maduka, kote Homa Bay.

Wiki iliyofuata wafu walianza kuja kaunta. Nilikuwa bado Migori lakini simu ya Homa Bay haikutulia, na wenzangu wa kule walinisimulia. Alikuja mzee wa kanisa. Alikuja muuguzi. Alikuja mama mfanyabiashara kutoka Kisegi, mwenye mwili wake na sauti yake, aliyeweka kikapu cha samaki juu ya kaunta, akawaambia makarani, "Marehemu amefika. Mpeni kiti." Hao walicheka, au walifoka, ni sawa. Walikuwapo ambao hawakucheka. Kwetu kifo hakitangazwi ovyo. Kumtangaza mtu aliye hai ni kama kumwonyesha kifo njia ya nyumbani kwake, na mwaka ule hakuna boma lililotaka njia hiyo ijulikane. Watu walichoma barua zile nje ya ua, wengine waliita wachungaji.

Daniel alichapisha orodha ya marehemu wa Homa Bay akaniletea, akiwa amepauka, akaniuliza kama nawajua. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu. Nilijua majina yale, lakini sikuyajua kwa kifo. Niliyajua kwa kishindo. Nikaomba gunia lifunguliwe, nikatoa kadi, nikamwonyesha. Kiingereza kina uvivu wake: neno hilo hilo ni la mtu aliyechelewa na ni la marehemu. Na hapa Kenya maana ya pili ndiyo iliyoshika mizizi. Mtu akikuambia baba yake ni late, huulizi kama alikosa basi. Vijana waliona neno jekundu ubavuni mwa jina, na tarehe chini yake, mashine ikadai tarehe, nao wakaipa.

Daniel alimwita Millicent, akamuuliza kwa hasira ya mtu aliyeogopa: aliona watu wengi namna ile wamekufa katika mji mmoja, na hakushtuka? Millicent alikuwa amemzika kaka yake kabla tu ya kuanza kazi ile. Alisimama na soksi zake juu ya zulia.

"Sikushtuka, sir," alisema. "Nilijua ni kweli wanakufa. Hata kwetu ni hivyo. Nilikuwa nasema pole kwa kila mmoja, halafu naendelea."

Daniel alikaa chini. Mimi nilitoka nje nikatafuta viatu vyangu, nikalia kidogo, kwa sababu hata mimi nisingeshtuka. Orodha ile ingekuwa haina jina ninalolijua, ningeiweka tu kwenye faili.

Nilirudishwa Homa Bay kwa muda kusafisha. Nikiwa njiani nilipitia kwa Mzee Mbuya kumweleza, maana sikutaka aisikie sokoni. Alikuwa anapalilia mahindi, tai hana, nusura nisimtambue. Alisikiliza hadi mwisho, jembe mkononi. Kisha akaniuliza kama kuna yeyote kati yao ambaye bado anadaiwa.

Tulidhani kuwafufua watu ni jambo la kubonyeza. Daniel akatueleza kwamba haiwezekani. Sistimu ilikuwa imeandikwa makusudi isimrudishe mtu kutoka kwa wafu, kwa sababu ya matapeli. Makao makuu wakaamua wote wasajiliwe upya, kama wateja wapya, wapewe namba mpya, na kampuni iwaombe radhi. Kwa wengi ilikuwa usumbufu tu. Mama wa Kisegi alijaza fomu huku akituambia kila kosa la tahajia lililo ndani yake. Lakini mteja mpya alipaswa kupimwa na daktari wa kampuni, na kipimo cha kwanza kilikuwa damu. Nyote mnajua damu ilitafutwa nini miaka ile, na aliyekutwa nacho alipewa barua fupi ya kukataliwa.

Mwalimu Ooko alikuja siku ya soko. Nilimjua kwa urefu, kwa kuwa mengine yalikuwa yamebadilika. Koti lilikuwa lake lakini mabega hayakuwa yake tena. Nilimpa kiti na fomu. Aliisoma yote bila haraka, kalamu mkononi, mpaka alipofika sehemu ya daktari. Akaiweka kalamu chini.

"Nyar Ogwedhi," aliniambia taratibu, maana wa kwetu waliniita hivyo, binti wa Ogwedhi, "hii ya damu sitapita. Si unaniona. Afadhali mniache tu hivyo nikiwa nimekufa."

Nikamwambia hilo nalo haliwezekani, kwamba bila kibali cha mazishi faili itafungwa, na miaka yote aliyolipa itafungwa nayo.

"Na kibali nitakitoa wapi mapema hivi?" alisema, akatabasamu. Halafu tabasamu likaisha. "Mama yake binti yangu Atieno hayuko. Mimi nikienda, huyo mtoto atasomeshwa na nani? Hiyo bima ndiyo ndugu yangu pekee aliyebaki."

Aliondoka bila kujaza fomu. Nilikasirika siku ile, vijana, hasira ambayo sikuwa nayo tangu nianze kazi. Mtu hakuomba kitu ambacho si chake. Alikuwa ameingia bima akiwa mzima, amepimwa akiwa mzima, amelipa kila mwaka, na sasa alikuwa anatolewa nje kwa sababu ya neno moja la wino mwekundu. Nilipanda gari hadi Migori nikamwambia Daniel amrudishe mtu huyu kwa namba yake ile ile.

"Mama, sistimu haina hiyo njia," alisema. "Mtu akishaingia kwa wafu, hatoki. Nikifungua hiyo mlango, kesho Nairobi yote inafufuka na claim."

Nikamwuliza kama yeye aliyeiandika hawezi kuiandikua. Akasema anaweza, kutoka tumboni kabisa mwa data, lakini ni marufuku na ni kazi yake itakayokwenda. Alikuwa amewauliza makao makuu, nao wamesema suala litajadiliwa na kamati. Nilimwambia kamati ile ina muda mwingi kuliko Mwalimu Ooko. Nikamwambia basi aje kuwaona wafu wake, angalau mmoja, kabla kamati haijakaa. Sikutegemea akubali, lakini alikuwa kijana mwenye dhamiri, na alikuwa hajalala vizuri tangu barua zile.

Tulikwenda Lambwe na pikapu ya ofisi. Njiani Daniel aliniuliza vile vitambaa vya buluu vinavyoning'inia vichakani ni vya nini, nikamwambia ni mitego ya mbung'o, nzi wa malale. Mwalimu alikuwa ameketi nje, kivulini mwa ukuta wa nyumba, na shali mabegani ingawa kulikuwa na joto. Binti yake Atieno, ambaye alikuwa sekondari wakati huo, alituletea chai. Mwalimu alimkaribisha Daniel kwa heshima zote, akamtuma Atieno ndani alete barua yetu ya rambirambi. Yeye hakuichoma. Alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, amepigia mstari makosa ya sarufi, na chini ameipa nne juu ya kumi.

Daniel aliitazama, akasema pole, akasema tena. Alianza kueleza mambo ya sehemu ya hali na karatasi ya maelekezo. Mwalimu alimsikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayejitetea.

"Nisaidie kitu kimoja, kijana," akasema. "Kwa mashine yenu, nilikufa lini?"

Daniel alikuwa na orodha kwenye mkoba. Akaitoa, akatafuta kwa kidole, akasoma tarehe. Mwalimu akamwomba arudie. Daniel akarudia. Atieno, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama baba yake.

"Hiyo ilikuwa Jumatatu," Mwalimu alisema. "Jumamosi yake nilimzika mama yake huyu. Jumapili watu walikuwa hapa. Jumatatu nikaamka, nikaja kwenu kulipa, nimechelewa, Mbuya akanigonga muhuri." Aliirudisha barua kwenye bahasha. "Basi haikukosea sana."

Atieno alikusanya vikombe, na chai ya Daniel ilikuwa haijaguswa.

Kesho yake asubuhi, Migori, Daniel alifungua mashine, akaniambia nikae karibu naye nimsomee namba kutoka kwenye kadi yenyewe, si kwenye orodha. Aliingia mahali ambapo skrini haikuwa na fomu wala maswali, mistari tu ya herufi. Akampata Mwalimu Ooko. Akafuta herufi moja, akaandika nyingine, akaondoa ile tarehe. Sistimu ilitaka sababu ya mabadiliko. Aliuliza aandike nini. Nikamwambia aandike yuko hai. Akaandika hivyo, kisha tukaendelea na wengine, kadi baada ya kadi, hadi wote wakawa wametoka, waliokwisha kusajiliwa upya na wasiosajiliwa. Makao makuu walimpa barua ya onyo, nami nikapewa nakala.

Kabla hajarudi Nairobi aliongeza kitu kwenye sistimu ambacho hakikuwa kwenye mpango wowote. Ukiandika herufi ya marehemu, mashine inasimama na kukuuliza, kabla haijapokea: Una hakika? Mashine nzima ilisema Kiingereza, lakini swali hilo alilitia kwa Kiswahili. Vijana wa kuchapa walilichukia kwa kuwa liliwachelewesha. Nyinyi pia mmewahi kulilalamikia, na mkaniuliza ni nani aliyelichanganya na Kiswahili. Sasa mnajua.

Mwalimu Ooko aliendelea kuja. Kila ada ilipofika alikuja kabla ya siku yake, akiegemea fimbo, na kila mara aliwaambia makarani kwamba marehemu amewahi. Baadaye akawa anamtuma mtu. Mimi nilikuwa nimepelekwa Homa Bay moja kwa moja wakati huo, na nilikuwa kaunta siku Atieno alipokuja mwenyewe, kichwa kimenyolewa, kibali cha mazishi kikiwa ndani ya bahasha iliyokunjwa vizuri. Alikuwa amekua mrefu kama baba yake. Nilimpa pole, naye akaipokea bila kulia, maana waliozika mara nyingi hulia nyumbani. Kila kitu kilikuwa sawa, namba ilikuwa ile ile, hapakuwa na kitu cha kujadili.

Nikafungua jina la Mwalimu kwenye skrini, nikaandika ile herufi. Mashine ikasimama, ikaniuliza kama nina hakika. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kitufe na havikushuka. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani, lakini Atieno aliona, akainama kidogo juu ya kaunta.

"Mama," alisema, "baba aliniambia nikifika kwako nikwambie, mara hii ni kweli."

Nikabonyeza.